Mtazame Mtoto Kwanza

Mwanangu, mtoto akikuambia koo linauma, nawe ukimgusa shingoni unakuta mwili unachemka, usianze kwa kuutafutia ugonjwa jina. Huku kwetu Muleba na Bukoba majina yako tayari mdomoni: tonsesi, malaria, kimeo, mafua tu, meno yanaota. Kila jirani analo lake. Jina likishatajwa, macho yanaacha kumtazama mtoto, yanaanza kutafuta dawa ya lile jina. Nimelea watoto wangu na wa ndugu zangu, nimefundisha shule ya msingi mpaka nimestaafu, na makosa makubwa niliyofanya juu ya watoto wagonjwa yote yaliingilia mlango huo.

La kwanza lilikuwa wakati wa mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 kuingia 1998. Waliokuwapo wanakumbuka malaria ilivyofumuka Muleba, hata huku juu kwenye baridi ambako tulijiona tuko salama. Mwanangu mkubwa aliamka anakataa uji, anashika shingo. Nikamfungua kinywa, nikaona wekundu, nikasema tonsesi. Dukani nikapata vidonge vya rangi mbili na dawa ya kushusha homa. Mchana joto likashuka, akacheza kidogo na wenzake, nikamshukuru Mungu. Usiku likapanda. Asubuhi nikampa tena ile ya kushusha, likashuka tena. Ndivyo parasetamoli inavyofanya kazi, mwanangu. Inashusha joto kwa saa chache, haigusi kilicholeta joto. Mimi nafuu ya dawa niliichukua kuwa nafuu ya mtoto. Usiku uliofuata akapata degedege.

Majirani wakaja na yao. Mmoja akasema mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, kwa hiyo afukizwe kwanza. Mama mkwe wangu hakumjibu. Alimfunga mtoto mgongoni akatoka gizani, sisi tukamfuata nyuma na tochi. Hospitalini wakapima damu: malaria kali. Alipona, na leo ana watoto wake.

Koo jekundu halimkingi mtoto na malaria. Anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Mkoa wetu wa Kagera ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye malaria nyingi, na Muleba inajulikana duniani kwa jambo hilo. Ni katika vijiji vyetu watafiti walikojaribu vyandarua vyenye dawa iliyoongezewa nguvu dhidi ya mbu sugu, wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet mwaka 2018, na Shirika la Afya Duniani liliyatumia kupendekeza vyandarua hivyo. Kwa hiyo huku kwetu homa yoyote ya mtoto ni ya kupimwa damu, siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Hata kama ana mafua. Hata kama koo unaliona wewe mwenyewe. Kipimo cha haraka kipo zahanati: tone moja la damu ya kidole, robo saa hivi, jibu limetoka. Kikionyesha malaria, mpe mseto wote wa siku tatu, ashushie na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo. Kikisema hakuna malaria, kubali, usimlazimishe kunywa mseto kwa sababu bibi yake amesisitiza. Na mubilizi, ile dawa yetu ya kienyeji, najua tumelelewa nao, lakini usiufanye badala ya kipimo.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana nilipojifunza lile la kwanza nikavuka mpaka. Baada ya El Niño kila homa kwangu ikawa malaria. Miaka ikapita, mseto ukaja, nami nikawa naulia kiapo. Nilikuwa nalea binti wa kaka yangu, mtoto wa darasa la tatu. Akapata homa ya ghafla, anameza mate kwa shida, vitezi chini ya taya vimevimba na ukivigusa anaruka. Hakukohoa. Hakuwa na kamasi. Nikampeleka kupima, kipimo kikaonyesha ana malaria. Nikaridhika. Sikusema neno juu ya koo, na sikuulizwa. Akanywa mseto, homa ikaisha, na koo nalo likaacha kuuma lenyewe. Wiki chache baadaye goti likavimba, likapona, kikafuata kifundo cha mguu. Tukasema anakua. Alipoanza kuhema akipanda kilima cha kwenda shule ndipo tukafika kwa daktari, na safari ikaishia Bugando, Mwanza. Milango ya moyo ilikuwa imeharibika.

Nilielezwa na daktari mmoja mvumilivu, akanichorea kwenye karatasi. Koo za watoto nyingi huumwa kwa virusi. Hizo zina mafua, kikohozi, sauti kukauka, pengine macho mekundu, nazo huisha zenyewe ndani ya wiki bila vidonge vya rangi mbili. Lakini yuko bakteria mmoja, streptokokasi, anayependa zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, wale wanaobanana madarasani. Huyo huja kwa ghafla: homa, koo, vitezi vya shingo, wakati mwingine usaha mweupe kwenye tonsesi, na mara nyingi bila kikohozi wala kamasi. Koo lenyewe hupoa hata usipotibu. Hapo ndipo anapodanganya. Kinga ya mwili iliyoamka kumpiga inaweza, wiki mbili tatu baadaye, kugeukia viungo na moyo. Penisilini ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, inazuia hayo kwa kiasi kikubwa. Dawa ya bei ndogo kabisa. Akipewa ya kunywa, ni siku kumi kamili, siyo mpaka koo liache kuuma. Au achomwe sindano moja, imekwisha.

Kuhusu kile kipimo, nilikuja kuelewa baadaye. Mahali penye malaria nyingi kama petu, watoto wengi, hasa waliovuka miaka mitano, hutembea na vimelea ndani ya damu bila kuumwa. Kipimo kinaweza kusema kweli kwamba vimelea vipo, na bado homa ya leo ikawa imeletwa na kitu kingine. Kwa hiyo ukifika mbele ya mganga, sema yote. Sema koo. Sema homa ilianza lini na saa ngapi inapanda. Sema alichokunywa nyumbani, hata kama ni aibu kukitaja. Usiondoke mpaka wamemulika koo kwa tochi na kushika shingo. Omba kwa heshima, lakini omba.

Binti yule anaishi, anasoma ushonaji. Kila baada ya wiki nne anachomwa sindano ya penisilini, na ataendelea hivyo miaka mingi. Sindano hizo zote zimechukua nafasi ya ile moja.

Basi utajua vipi saa ya kwenda sasa hivi, usiku usiku, na saa ya kungoja asubuhi? Kaa kando ya kitanda chake. Najua una kazi, simu inaita, sufuria iko motoni. Kaa. Mpe maji au ziwa. Anayeshindwa kunywa kabisa, au anayetapika kila kinachoingia, haongoji asubuhi. Mwite jina. Mtoto mwenye homa hulala sana, lakini ukimwamsha anakukasirikia, anakutazama, anataka abebwe. Asiyekutazama, anayelegea mikononi, nenda. Degedege, hata la dakika moja, nenda. Shingo iliyokakamaa asiweze kuinamisha kidevu, nenda. Na kama ni mchanga ambaye hajafikisha miezi mitatu, homa peke yake inatosha.

Kisha mfunue kifua akiwa ametulia au amelala, siyo akilia. Weka simu yako mbele, ile ile inayokupotezea muda, fungua saa. Tazama tumbo. Likipanda na kushuka hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha, maana mtoto huhema kwa vipindi. Wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, kifua kina shida, mpeleke siku hiyo hiyo. Ukiona nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta hewa, usimalize hata kuhesabu. Na mtoto anayedondosha mate kwa sababu hawezi kuyameza, au anayekoroma kwa sauti kali akivuta hewa akiwa macho, usimtie kijiko mdomoni ili uone koo. Mkalishe wima kama anavyotaka mwenyewe, mwondoke.

Hayo ni kwa kila mtoto. Lakini saa ya kuondoka hupimwa pia kwa njia. Aliye Kashai, Bukoba mjini, anaweza kumtazama mtoto mpaka saa nne usiku na bado akafika hospitali ya mkoa kwa bodaboda. Aliye kwenye visiwa vya Bumbire au Goziba hawezi. Ziwa halina huruma usiku, na mtumbwi haupatikani kwa kuita. Wewe wa kisiwani, homa ya mchana ndiyo ya kuondokea, kabla upepo haujachafuka. Na huku juu, wakati wa masika bodaboda hukataa njia zetu za udongo. Tena, baba kijana, unapotoka kwenda kuvua au mjini, acha nauli na acha neno: mtoto akizidiwa asingojewe mtu. Nimeona mama akikaa na mtoto anayehema, anasubiri ruhusa.

Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotokea Maruku na Kanyangereko, watu walikufa, na mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwao. Nikasikia kina mama wakinong'ona kwamba mwenye homa asipelekwe hospitali, atafungiwa. Niliogopa maneno hayo kuliko ugonjwa wenyewe. Ukitokea tena, na Januari 2025 ulitokea Biharamulo, fanya kinyume chake. Piga 199, ni bure, eleza, fuata utakaloambiwa. Watoto wa Kagera wenye homa wengi wana malaria, kifua au koo, na hao wakifichwa ndani wanakufa kwa ugonjwa unaotibika.

Nikukataze mawili ya zamani, yangali yanarudi. Nilipokuwa msichana, miaka ya themanini, Buhaya nzima ilizungumza juu ya meno ya plastiki. Mtoto akiwa na homa na kuharisha, fizi zilichokonolewa kwa chuma. Mmarekani mmoja, Brad Weiss, aliyeishi kwetu akichunguza mila, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1992. Yale hayakuwa plastiki, yalikuwa meno machanga yasiyokomaa. Kimeo nacho, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, bado kuna wanaokikata mtoto akikohoa au koo likimsumbua. Damu haikatiki, kidonda kinaoza, na homa iko palepale. Anayekuja na wembe wake mwambie asante, umfunge mtoto mgongoni uende zahanati.

Mengine ni ya kawaida. Mtoto anayekunywa, anayekutazama, aliyepimwa malaria haipo, mwenye kamasi na kikohozi chepesi, huyo muuguze nyumbani. Mpunguzie nguo. Usimtumbukize kwenye maji baridi. Parasetamoli kwa uzito wake, siyo kwa kukadiria kifuniko, na zipite saa sita kabla ya nyingine. Aspirini usimpe. Asali kijiko kidogo inalainisha koo, ila asiyefikisha mwaka mmoja hapewi. Uji mwepesi, maji kidogo kidogo, mara nyingi. Hapo ndipo uvumilivu unapohitajika kweli, kwa sababu utatamani kumpa kitu cha nguvu ili yaishe leo.

Na ukishatoka zahanati na dawa, kazi yako haijaisha. Homa ikiwa bado ipo baada ya siku mbili, rudi. Koo likipita wiki halijapona, rudi. Akianza kulalamika goti au kifundo mwezi huo huo, rudi, na useme waziwazi kwamba aliumwa koo. Usione haya kwamba watakuchoka, waitu. Chukua kadi ya kliniki na vile vidonge vilivyobaki, uviweke mezani wavione.