Upole wa Samaki na Upole wa Muumini

Ndugu msomaji, yako maneno yasemwayo mara nyingi, hata na watu waliokwisha ingia katika dini: "Mimi nimeumbwa na hasira, nifanyeje?" Hebu tulipime dai hilo kwa mfano wa kiumbe mdogo.

Katika Ziwa Tanganyika yuko samaki wa jamaa ya perege, ambaye wataalamu humwita Astatotilapia burtoni. Madume wenye milki hung'aa kwa rangi na kuwafukuza wenzao. Madume wanyonge hufifia, wakafanana na majike. Lakini mtawala akiondolewa, mnyonge hugeuka katika dakika chache: rangi humjia, naye huanza kushambulia. Profesa Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba mageuzi hayo hufika hata ubongoni: chembe ziamshazo nguvu za uzazi hukua kwa mwenye milki, na akiipoteza hupungua tena.

Tena mwaka 2012, Lauren O'Connell na Hans Hofmann walichapisha uchunguzi juu ya aina 88 za wanyama wenye uti wa mgongo. Waliona kwamba sehemu za ubongo zinazohusika na ugomvi, uzazi na malezi zinafanana sana tangu samaki hadi wanyama wanyonyeshao.

Je, hii ni hoja ya kumwondolea mtu lawama? Sivyo kabisa. Yathibitika tu kwamba hasira ni silika ya asili, na Uislamu haukukanusha jambo hilo. Mtu halaumiwi kwa kuwa na hasira. Huulizwa ameitumia wapi na kwa kiasi gani.

Tena zingatia: samaki yule mnyonge hakuwa mpole, bali alikosa nafasi tu. Vivyo hivyo, mtu asiyelipiza kisasi kwa sababu hana nguvu bado hajasamehe. Msamaha ni wa yule awezaye kupiga, naye akauzuia mkono wake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Basi, ndugu, usijipime siku ya unyonge wako. Jipime siku upewapo mamlaka: juu ya mke na watoto, juu ya wafanyakazi, juu ya aliyekudhulumu jana. Je, rangi yako itageuka? Mwenyezi Mungu atujalie tuishinde nafsi katika siku hiyo. Amin.