Vazi Likivuka Bahari

Msichana akihama nchi, swali la kwanza la waliobaki ni kama amebadilika. Haulizwi mwenyewe. Huulizana watu picha zake zinapopita mkononi mwa shangazi na kufika kwa jirani: nywele amezifanya nini, mbona mtandio umerudi nyuma, mbona uso umemkonda. Au kinyume chake: mashaallah, yuleyule, Ulaya haikumpata. Wanaolaumu na wanaosifu wanakubaliana juu ya jambo moja, kwamba kubaki vilevile kunawezekana, na kwamba aliyebaki vilevile hakufanya zaidi ya kukataa kusogea. Hilo ndilo ninalolipinga. Aliyehama hana njia ya kubaki alivyokuwa, hata avae nguo ileile, kwa mkunjo uleule, mpaka uzeeni. Anayeliacha vazi la kwao amebadilika, anayelishika naye amebadilika, na huenda huyu wa pili ndiye aliyekwenda mbali zaidi.

Mfano wa kale tunao wenyewe. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka 1844, katika jumba la Mtoni. Mwezi Agosti 1866 aliondoka kwa siri ndani ya manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani aliyekuwa jirani yake mjini. Mwezi Mei 1867, huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyohiyo, kisha wakashika njia ya Hamburg. Alikuwa na miaka 22. Alikotoka, mwanamke wa daraja lake alitoka nje na barakoa usoni, nguo zake zikifukizwa udi na kutiwa harufu ya asumini. Alikokwenda, aliishi uso wazi, katika gauni la Kizungu, kati ya watu waliogeuka kumtazama barabarani. Miaka michache baadaye, mwaka 1870, mumewe alifariki, naye akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ambako hakuzaliwa.

Picha yake inayojulikana kuliko zote inamwonyesha katika mavazi ya kwao, ya nakshi, pamoja na vito vyake. Imechapishwa kwenye majalada ya vitabu na kuonyeshwa kwa wageni Unguja, na wengi huitazama kama ushahidi wa jinsi binti wa mfalme wa Zanzibar alivyokuwa. Ilipigwa Hamburg, ndani ya studio, alipokwisha kuwa Bibi Ruete. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba nguo peke yake ndiyo ya Unguja. Uso ulioachwa wazi mbele ya mpigapicha mwanamume asiye maharimu wake, kule kuketi ili atazamwe, hata wazo lenyewe kwamba nguo za kila siku za nyumbani ni kitu cha kuhifadhiwa kwenye picha, vyote hivyo ni vya Hamburg. Kwao, desturi isingemruhusu kuketi hivyo. Alihitaji kuhama ndipo aweze kuonekana kama mtu ambaye hakuhama. Sioni unafiki katika hilo. Naona mwanamke kijana aliyegundua kwamba kile alichokuwa akikivaa bila kuwaza sasa amekuwa na shauri nacho.

Nyumbani vazi hubebwa na watu wengi. Msichana wa Mkunazini, mjini Unguja, anayejitanda buibui kwenda dukani hasemi neno kwa kujitanda. Angelisema kama angetoka bila hilo buibui. Sababu za vazi lake zimekaa kwa wengine: kwa mama, kwa majirani, kwa fundi cherehani anayejua mshono uliozoeleka mtaani. Hana haja ya kuzishika mwenyewe. Ugenini hao wote wamebaki nyuma, na sababu zinamwangukia yeye peke yake. Asubuhi ya baridi, mbele ya kioo cha chumba cha kupanga, anakutana na swali ambalo nyumbani halikuulizwa: kwa nini navaa hivi? Hata asipolijibu kwa maneno, akishatoka mlangoni amelijibu. Hapo desturi imekwisha na uamuzi umeanza. Uamuzi ni kitu kingine kabisa, hata ukifanana na desturi kila uzi.

Kuna nchi ambako swali hilo limefika mpaka bungeni. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2004 inayokataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za dini zinazojitokeza wazi. Binti wa Kingazija aliyehamia Marseille, mji wenye Wangazija wengi, akifika kwenye lango la shule anakuta mtandio aliouvaa Moroni bila kuuwazia umekuwa hoja ya taifa zima. Akiuvua pale langoni ametoa jibu, na akiuvaa tena kwenye kona ya mtaa baada ya masomo ametoa jingine. Huko Marekani ilibidi jimbo la California litunge sheria, mwaka 2019, ili mtu asibaguliwe kazini au shuleni kwa misuko na rasta zake. Nasi tuna twende kilioni, msuko ambao mama humsuka mtoto Jumapili jioni, kichwa kikiwa kati ya magoti yake, ili Jumatatu aende shule. Hakuna Jumapili ambayo mama huyo alidhani anafanya jambo linalohitaji kinga ya sheria.

Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique aliyefanya kazi ya udaktari wa akili Algeria, aliliona hili mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu mapinduzi ya Algeria alieleza jinsi watawala wa Kifaransa walivyowashinikiza wanawake wavue shela, na jinsi wanawake hao walivyolivua au kulivaa kadiri mapambano yalivyohitaji. Ninachokichukua kwake ni hiki: shela lililovaliwa baada ya shinikizo halikuwa tena shela la zamani, ingawa kitambaa kilikuwa kilekile. Walikuwa kwao, na bado ugeni uliwafuata mpaka ndani ya nguo. Basi itakuwaje kwa yule ambaye ni yeye aliyeufuata ugeni?

Hapa nitakumbushwa kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hii huwaangukia wasichana wa ughaibuni mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na wanaoitumia wangetazama historia ya pwani yenyewe. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa, wengi wao wasichana walioletwa kwa nguvu kutoka bara, walikuwa wakivaa merikani na kaniki. Kujitanda na kuvaa viatu kulikuwa alama ya muungwana. Walichokifanya baada ya uhuru ni kuziacha kaniki na kushika kanga za rangi, na baadaye buibui. Walivaa kisichokuwa mila yao ili kuonyesha kwamba si watumwa tena. Na kanga zenyewe zilikuwa zikichapwa nchi za nje na kuletwa kwa meli. Kwa hiyo hicho tunachomtaka msichana wa Toronto asikiache, kwa jina la mila, kilitengenezwa katika mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, na wanawake waliohama, waliokuwa wakiamua upya wawe nani. Ninaposikia methali ile ikitupwa kama jiwe, nawafikiria wao.

Lakini sitaki uamuzi huu uonekane mwepesi. Unagharimu. Kanga ikifika Minneapolis hupoteza jina lake. Pwani, mwanamke huchagua kanga kwa maandishi: ya kumjibu mke mwenza, ya kumwomba mama radhi, ya kumpa mume ujumbe ambao mdomo umeuonea haya. Anayepita njiani husoma, akacheka au akanuna. Huko Minneapolis, jirani atasema rangi zake zinapendeza, basi. Ndivyo ilivyo kwa harufu pia. Uzuri wa kwetu huingia kwa pua kabla ya macho. Bibi harusi hujulikana kwa udi na kikuba cha asumini akiwa bado chumba cha pili. Msichana akiweka chetezo katika fleti ya London, kengele ya moshi inalia nyumba nzima, naye anafungua madirisha usiku wa Januari. Maana yote aliyoipanga mwilini mwake haina wa kuisoma. Sidhani kuna upweke unaofanana na huu, wa mtu aliyependeza kwa lugha isiyojulikana mahali alipo. Wengi huishia kuvaa kwa ajili ya wasiokuwepo. Picha inayotumwa nyumbani ina koti refu na theluji nyuma; picha ya sherehe ya chuo huko aliko ina kitenge na kilemba. Kila upande unapewa kile ambacho upande mwingine ungekiona cha kawaida. Salme alilijua hilo zamani, ndani ya studio ile.

Upande mwingine wa gharama hiyo una unafuu wake, nao usifichwe. Macho yanayojua kusoma hujua pia kupima. Ni macho hayohayo ya nyumbani yaliyouza mkorogo, yaliyomwambia msichana mweusi kwamba ana sura nzuri "ingawa", yaliyogawa nywele kuwa nzuri na ngumu. Flaviana Matata aliposhinda taji la Miss Universe Tanzania mwaka 2007 alikuwa amenyoa kichwa, na akaingia kumi bora kule Mexico City, kisha akaenda kufanya kazi ya uanamitindo New York. Kichwa cha kunyoa kwetu kilisomwa kama cha mwanafunzi. Huko kilisomwa kama umbo. Hata hivyo sishangilii macho ya huko. Nayo yana Mwafrika wake ambaye yalimtaka kabla hajafika, na asiyefanana naye hayamwoni. Msichana aliyehama amepata jozi mbili za macho, kila moja ikiwa na makosa yake. Faida yake ni kwamba sasa anajua ni macho tu. Aliyebaki nyumbani huweza kuishi mpaka mwisho akidhani ni ukweli.

Uamuzi nao huweza kunyang'anywa. Halima Aden alizaliwa mwaka 1997 katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Kisomali, akahamia Marekani akiwa mtoto. Mwaka 2016 alishiriki Miss Minnesota USA akiwa na hijabu, na kwenye kipengele cha kuogelea akavaa burkini. Hijabu yake ilikuwa uamuzi ulio wazi, na kwa kuwa ulikuwa wazi ukapata soko. Mikataba ikaja na majalada ya magazeti yakaja. Mwaka 2019 alirudi Kenya kupigwa picha za Sports Illustrated ufukweni Watamu, katika nchi ambamo wazazi wake walikuwa wakimbizi. Kidogo kidogo kitambaa cha kichwani kikawa mikononi mwa wapambaji, kikageuzwa hiki na kile, mpaka siku moja kikawa suruali ya jinzi. Novemba 2020 aliitangazia dunia kwamba anaiacha kazi hiyo kwa kuwa imemtenga na dini yake. Alikuwa na miaka 23. Watu wengi walisema amerudi alikotoka. Mimi sioni hivyo. Kakuma hakuwahi kuwa na jambo la kukataa lenye ukubwa ule. Alichofanya ni kuamua mara ya pili, akijua bei, na hijabu ya baada ya hapo ni ya tatu, ingawa mtu wa mbali ataona ni ileile.

Na kaka yake msichana aliyehama? Naye alipanda ndege. Aliivua kanzu uwanja wa ndege, akanyoa anavyotaka, akavaa jinzi na koti, na hakuna shangazi aliyeikuza picha yake kwa vidole viwili kutafuta kama bado ni Mswahili. Mvulana akihama tunauliza amepata kazi gani. Tumewapa wasichana jukumu la kuihifadhi nchi juu ya ngozi zao, kisha tunawakagua kama maofisa wa forodha. Linaniuma hili kuliko yote niliyoyaeleza, kwa sababu swali la "kwa nini navaa hivi" ni zuri, linaweza kumkuza mtu. Linaharibika linapoulizwa kwa jinsia moja tu, na waulizaji ambao wao hawajawahi kulijibu.

Kuna pia watakaozaliwa huko. Salme aliwapa watoto wake majina ya Kijerumani, na nyuma ya kila jina akaweka la Kiarabu: Antonie Thawka, Rudolph Said, Rosalie Ghuza. Rudolph alikua akaandika kitabu juu ya babu yake Sayyid Said, kikachapishwa London mwaka 1929. Alichokishika mama kwa uamuzi, mtoto alikikuta ndani ya nyumba. Leo binti aliyezaliwa Leicester au Columbus huvaa dira siku ya Idi kwa sababu mama yake huvaa, bila kuuliza, na uamuzi wa mama ukishafika kwa mtoto unakuwa desturi tena. Kisha siku moja analetwa Unguja likizo. Anashuka Forodhani na dira yake, na kabla hajafungua mdomo wauza mishikaki wameshajua kwamba hakukulia hapa: kwa mwendo, kwa namna alivyoifunga kanga juu ya bega, kwa jinsi anavyomtazama kila mtu machoni. Sasa yeye ndiye mgeni, kwenye mji wa nyanya yake, na vazi lake lina swali. Nyanya hawezi kumsaidia kulijibu, maana hakuwahi kulazimika. Mama yake anaweza.