Mvua ya Usambara na Shauri la Kuwapo Mungu

Palikuwa na zama katika milima ya Usambara ambazo mvua ilihesabiwa kuwa jambo la ufalme. Wakilindi, ukoo uliotawala huko, ambao Abdallah bin Hemedi alituhifadhia habari zao tangu Mbegha mwindaji, walisadikiwa na raia zao kuwa na uwezo wa kuileta mvua na kuizuia. Na Kimweri ye Nyumbai, mfalme wao, ambaye mmisionari Krapf alimzuru katika makao yake ya Vugha mwaka 1848 na tena mwaka 1852, hakuwa kwa Wasambaa mpokea kodi tu, bali ndiye aliyeweza kuiponya nchi ikanawiri, au kuiharibu ikakauka. Leo mwanafunzi wa Lushoto hufunzwa kwamba pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, hukabiliana na milima, hupanda, hupoa, na mvuke wake huwa matone. Na kwa sababu hiyo Amani, upande wa mashariki, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali mbuga za Mkomazi, zilizo nyuma ya milima, ni kame.

Akili, basi, ilimnyang'anya mfalme mvua yake. Wako watu, na baadhi yao ni wasomi wakubwa, wanaodhani kuwa kwa njia iyo hiyo itamnyang'anya Mungu ulimwengu wake. Vile vile wapo wengine wanaoamini kuwa akili, ikifuatwa hadi ukomo wake, haina budi kumkiri Muumba. Mimi nina itikadi, wala siifichi. Walakini naona kuwa pande zote mbili zinaitaka akili ikate shauri lisilo katika mamlaka yake, na kwa kufanya hivyo zinaisahau kazi kubwa iliyo katika uwezo wake.

Dai la mfalme lilianguka kwa kuwa lilihusu kitu kimoja miongoni mwa vitu, na lilipimika: mfalme angeweza kuwapo na mvua isiwepo, na Serikali ilipouondoa utawala wa machifu baada ya Uhuru, mawingu yaliendelea kupanda kutoka baharini. Kila mungu anayewekwa mahali pa sababu tusiyoijua bado, awe wa radi, au wa tauni, au wa mimba, hadhi yake haizidi ya mfalme yule, na elimu itakapoifikia sababu yenyewe atahamishwa. Huku si kushindwa kwa dini. Tauhidi inapaswa kufurahi kila kitu kilichoabudiwa kwa makosa kinapoonekana kuwa ni kitu tu.

Wazee wa Vugha, kwa kadiri habari zao zilivyotufikia, hawakuketi kujadili kama Mungu yupo. Shauri lao lilikuwa ni nani aliyeiharibu nchi, na iponywe vipi. Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni wa Uganda, katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliwalaumu wamisionari na wasomi wa Kiafrika waliofuata nyayo zao kwa kuwavika miungu wa Waafrika joho la Wayunani, wakawataja kuwa wa milele na wajuzi wa yote, kana kwamba wazee wetu waliwahi kuhitaji burhani hizo. Lawama yake ina haki, ingawa aliisukuma mbali mno. Kwani swali likishaulizwa haliwezi kurudishwa lilikotoka, na kijana wa Kisambaa aliyelisikia darasani hawezi kujibiwa kuwa babu yake hakuliuliza.

Wala pwani yetu haikungoja Wazungu ili kuliuliza. Imamu Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1490, katika akida yake ambayo elimu ya sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, isomwayo pwani, imejengwa juu yake, alishikilia kwamba imani ya taklidi, yaani ya kufuata wengine bila dalili, haimtoshi mtu baleghe mwenye akili timamu, bali ni wajibu wake amjue Mola wake kwa dalili. Naistahi sana rai hiyo, hata pale nisipokubali kuwa dalili yenyewe inatimia. Dalili ni hii: kila kilicho hadithi, yaani kilichotanguliwa na kutokuwapo, kina aliyekileta, ulimwengu wabadilika, na kibadilikacho ni hadithi, basi ulimwengu una aliyeuleta, naye ni Kadimu asiye na mwanzo. Mwanafalsafa Bertrand Russell, alipojadiliana na Padri Copleston katika redio ya Uingereza mwaka 1948, aliijibu hoja ya jamii hii kwa kusema kuwa kila mwanadamu ana mama, lakini haifuati kwamba jamii nzima ya wanadamu ina mama. Ulimwengu, kwake yeye, upo tu, basi. Jibu hilo ni kali, na sijaona aliyelivunja. Hata hivyo, asemaye kuwa ulimwengu upo tu amesimama mahali, kama asemaye kuwa Mungu yupo tu alivyosimama, na akili haikumlazimisha yeyote kati yao kusimama hapo.

Ajabu iliyonishughulisha zaidi ni ya Imamu Ghazali na mwanafalsafa Hume. Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa, alisema kuwa tunapouona moto ukigusa pamba na pamba ikaungua, macho yetu yameshuhudia mambo mawili yanayofuatana, hayakushuhudia ulazima wa moja kulizaa la pili. Mazoea ndiyo yanayotujazia ulazima huo. Hume, Mskoti aliyeishi zaidi ya miaka mia sita baada yake, alifika pale pale. Lakini Ghazali alitoka hapo akisema kuwa mwenye kutenda katika kila tukio ni Mwenyezi Mungu peke yake, na Hume alitoka na shaka juu ya kila hoja ivukayo tuliyoyaona, ya Muumba ikiwemo. Watu wawili wenye akili za nadra walipita mlango mmoja wa mantiki, wakaelekea mashariki na magharibi. Lau akili ingalikuwa yatosha kukata shauri, ingaliwakatia hao.

Fauka ya hayo, yule ambaye hoja zinamthibitisha, Mwenye kuwapo kwa wajibu wa mwanafalsafa Ibn Sina, si dhahiri kuwa ndiye aombwaye. Waislamu wanaposwali swala ya kuomba mvua, na Walutheri, ambao wamisionari wao walifika Mlalo mwaka 1891, wanapopiga magoti kwa haja iyo hiyo, hawaombi chanzo cha silsila ya sababu, wanaomba Anayesikia. Na hapo ndipo dalili ya mkanushaji inapokuwa nzito kuliko zote, kwa maana mvua iliyoombwa hulisha mahindi, na ikizidi huangusha ubavu wa mlima juu ya nyumba ya aliyeiomba. Sijapata hoja iwezayo kusomwa mbele ya mama aliyefukiwa watoto wake, na nisingependa kumwona mtu akiisoma.

Kadhi, ushahidi usipopatikana, haachi wadaiwa mlangoni. Huenda kwenye yamini. Mwenye kuapa hajathibitisha jambo, bali amejifunga nalo kwa ahadi ya nafsi yake, na kwa ahadi hiyo aishi. Imani, kwa maoni yangu, ni ya jinsi hii, na ndiyo sababu waumini wa Lushoto, Waislamu kwa Wakristo wanaozikana na kuoana, hutambuana kwa mienendo upesi kuliko kwa burhani. Lakini wengi wa mafukaha husema pia kwamba ushahidi ukija baada ya kiapo, kadhi ausikilize, kwa kuwa yamini hukomesha ugomvi na haifuti haki. Kwa hiyo mzazi wa Soni ampelekaye mwanawe chuoni asubuhi na shuleni mchana, asimnyamazishe arudipo na swali la pepo, bahari na mawingu. Amketishe barazani, amsikilize hadi mwisho, amwambie ni lipi analolijua na ni lipi aliloliapia.