Wema na Bahati

Nebraska, katika Marekani, ni nchi iliyo mbali na bahari, isiyo na mlima wa kuikinga na baridi ya kaskazini. Kiangazi chake huunguza, kipupwe chake hugandisha, na hewa huweza kugeuka ghafula. Asubuhi ya tarehe 12 Januari 1888 ilikuwa na uvuguvugu, na watoto wengi walikwenda shule bila nguo nzito. Kisha tufani ya theluji ikawashukia. Wilayani Valley, mwalimu Minnie Freeman, paa la shule lilipong'olewa, aliwaongoza wanafunzi wake wakafika salama nyumba ya jirani. Karibu na Plainview, mwalimu Lois Royce, alipoishiwa na cha kuchochea moto, alitoka na wanafunzi watatu. Wote watatu walikufa kwa baridi, naye akakatwa miguu.

Freeman alipata sifa, Royce majonzi. Je, wema wao ulitofautiana? Kila mmoja alilazimika kutoka, wala hakuiona njia. Busara ni sehemu ya wema, nakiri. Lakini busara haioni ndani ya theluji. Tukimpima mtu kwa tokeo peke yake, tumeufanya upepo kadhi wetu.