Malaika Alirudi Mara ya Pili

Nabii Elia alimkimbia malkia Yezabeli, akaketi chini ya mti jangwani, akaomba kufa, akalala usingizi. Mungu hakumkaripia. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji. Elia akala, akalala tena, naam, hata nabii! Malaika akarudi. Ndipo Elia akaondoka, akatembea siku 40 mpaka mlima Horebu.

Kijana akijifungia nyumbani, hali, hacheki, msimwite mvivu wala msiseme amerogwa. Huenda ni ugonjwa. Waganga wa hospitali wanajua kwamba kutembea, kulima na kucheza mpira humpunguzia huzuni. Lakini peke yake hana nguvu ya kuanza. Mwenzake aende mlangoni asubuhi, aseme: «Twende mtoni.» Akikataa, arudi kesho. Naye akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, apelekwe hospitali.