Kitabu Kisipotee Mikononi Mwako

Mwaka 1968 kampuni ya Nelson ilitoa Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, vitabu viwili vya Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, Tanga, aliyekuwa amekwisha fariki tangu 1962. Mwaka mmoja kabla yake, Oxford University Press walikuwa wametoa Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru. Mwandishi alikwisha zikwa, miswada yake ikawa inachapwa kwa mfululizo, na ndiyo maana hadi leo anayeandika tasnifu juu yake anakutana na mwandishi mmoja, mwaka mmoja, vitabu viwili. Mtu hapotei hapo. Kompyuta ndiyo inayopotea, tena inapotea kimyakimya, na atakayeulizwa na watahini ni wewe.

Nasema nawe uliye Lushoto, Muheza, Pangani au mjini Tanga, unayeandika juu ya fasihi, historia, malaria, mkonge au samaki wa pwani hii, na faili lako la marejeo limevimba hadi unaogopa kulifungua. Lifungue. Funguo zinazogongana zina dawa, na dawa hiyo haihitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Inahitaji jioni moja na macho yako mawili.

Kila rejea katika faili la BibTeX, programu inayopanga marejeo ya tasnifu, ina ufunguo, yaani neno fupi lisilo na nafasi ambalo unaliandika ndani ya sura ili programu ijue unakusudia kitabu gani. Sharti lake ni moja: katika faili moja, rejea mbili zisiwe na ufunguo mmoja. Lakini RIS, muundo ambao maktaba nyingi za mtandaoni hukupa ukibonyeza kupakua, haukulazimishi kuwa na ufunguo wowote. Rekodi inaanza na TY, inaisha na ER, katikati kuna AU ya mwandishi, PY ya mwaka na TI ya jina la chapisho. Ukiigeuza RIS kuwa BibTeX, programu inakutungia funguo yenyewe, na mara nyingi huchukua jina la mwisho la mwandishi ikalibandika mwaka. Utubora Mkulima inakuwa robert1968. Siku ya Watenzi Wote nayo inakuwa robert1968.

Sasa angalia kinachofuata. BibTeX ikiifikia ile ya pili, inaandika ujumbe kwamba rejea imejirudia, inairuka, na kazi inaendelea. PDF inatoka safi, ina jalada na yaliyomo, unafurahi. Ule ujumbe umezikwa kwenye ripoti ndefu ambayo hakuna anayeisoma saa nane za usiku. Katika sura ya tatu ulinukuu Siku ya Watenzi Wote. Msomaji anaelekezwa Utubora Mkulima. Anafungua ukurasa uliomtajia, hakuti kitu, naye ana haki ya kudhani umezua. Kwenye orodha ya mwisho, Siku ya Watenzi Wote haimo kabisa. Mtu aliandika kitabu kizima, kikapita miaka bila kuchapwa, kikachapwa hatimaye, halafu kinafutwa na msomi wa nyumbani kwao kwa kubonyeza kitufe mara moja. Jambo hilo lisikupite hivihivi. Likuume.

Kuna programu zenye huruma zaidi: zikiona mgongano, zinaongeza herufi, moja ikawa robert1968a na ya pili robert1968b. Wengi hupumua wakiona hivyo. Mimi hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mara nyingi herufi hizo hutolewa kwa kufuata mpangilio wa rekodi ndani ya faili. Mwezi ujao ukiongeza kitabu kingine cha 1968, au ukipanga upya maktaba yako na kugeuza tena, iliyokuwa a inaweza kuwa b. Sura zako bado zinasema a. Hakuna ujumbe wa kosa, kwa sababu kwa kompyuta hakuna kosa: funguo zote zipo, zote ni tofauti, isipokuwa zimebadilishana vitabu. Ukiwa na msimamizi mkali ataligundua. Usipokuwa naye, litachapwa na litanukuliwa na wengine.

Na pwani yetu ina utajiri wa migongano kuliko sehemu nyingi, kwa namna watu walivyoitwa na vitabu vilivyochapwa. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy ndiye mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Abdallah bin Hemedi el-Ajjemy ndiye mwandishi wa Habari za Wakilindi. Majina yaleyale yamegeuzwa mbele nyuma! Kazi zote mbili zilihaririwa na J. W. T. Allen, utenzi ukatoka 1955 na kisha 1960, Habari za Wakilindi ikatoka 1962. Katalogi moja itakuandikia el-Buhriy, nyingine al-Buhriy, nyingine Hemedi tu, nyingine itamweka Allen mbele. Hapo unapata balaa la upande wa pili: kitabu kimoja chenye funguo tatu, kimejipanga mara tatu kwenye orodha yako kama watu watatu wasiojuana.

Yapambanue mambo haya, kwa maana tiba zake hazifanani. Vitabu viwili chini ya ufunguo mmoja vinatenganishwa. Kitabu kimoja chenye rekodi nyingi kinaunganishwa, na kabla ya kufuta lolote unahamishia kwenye rekodi inayobaki taarifa iliyokuwa kwenye zile nyingine pekee, kama mji wa uchapaji au jina la mhariri. Toleo la 1955 na la 1960 si marudio. Kama umetumia yote mawili, yote mawili yanakaa. Programu itakusaidia kuyaona yanayofanana, lakini uamuzi usiuache kwake. Hukusoma miaka yote hiyo ili mashine ikuamulie Hemedi ni nani na Abdallah ni nani.

Kwa hiyo funguo zitunge wewe, kabla ya kugeuza faili. Usiachie herufi, weka neno la kichwa cha kitabu: shaaban1968utubora, shaaban1968siku, hemedi1955vita, ajjemy1962wakilindi. Mwalimu wa chuo pale Ngamiani, mjini Tanga, mwenye Ali Juma wawili darasani hamfukuzi mmoja. Anamwita huyu Ali Juma wa barabara ya saba, na yule wa barabara ya kumi na mbili, siku inasonga. Tumia herufi ndogo tupu, kwa sababu kuna programu inayoona Robert1968 na robert1968 kuwa vitu viwili na nyingine inayoviona kuwa kimoja. Usiweke nafasi wala ritifaa.

Ufunguo hauchapwi, msomaji hauoni, ni wako, na kwa hiyo unaweza kuufanyia haki ambayo jalada halikuifanya. Carl Velten alitoa Desturi za Wasuaheli mwaka 1903, na mwaka huohuo akatoa tafsiri yake ya Kijerumani. Kompyuta itakupa velten1903 mara mbili. Lakini sehemu kubwa ya maneno ya Kiswahili mle ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Rekodi iache kama jalada linavyosema. Ufunguo uite mtoro1903desturi, ili kila ukiuandika ukumbuke unamsikiliza nani.

Kwa magazeti, ongeza mwezi au namba ya toleo. Anayesoma Kiongozi, gazeti lililochapwa Tanga enzi za Wajerumani, atakuwa na habari nyingi zisizo na jina la mwandishi, na zote za mwaka mmoja zitataka kuitwa kiongozi1910. Watafiti wa afya na kilimo hali yao ni hiyohiyo: kundi moja la wanasayansi hutoa makala kadhaa kwa mwaka, na jina la mbele halibadiliki.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Nakili faili la asili, uliweke pembeni, usiliguse. Kama ni la BibTeX, chuja kwenye nakala mistari inayoanza na alama ya @, ondoa aina ya chapisho, zibaki funguo peke yake, kisha zipange kwa alfabeti: zinazofanana zitakaa jirani na utaziona bila miwani. Programu ya JabRef inaweza kukuonyesha funguo zilizojirudia, na ile ya Zotero ina sehemu ya kuunganisha rekodi za kitabu kimoja. Kila ufunguo unaoubadilisha uandike kwenye jedwali, wa zamani kushoto na mpya kulia, kisha ubadilishe na ndani ya sura. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoleta alama za kuuliza katikati ya tasnifu. Pale uliposhindwa kujua robert1968 ilikuwa kitabu gani, usikisie. Nenda rafuni, tafuta nukuu yenyewe kwenye ukurasa wake.

Ndipo ugeuze. Ukimaliza, hesabu rekodi. Zilizoingia na zilizotoka zilingane; ikipungua hata moja, simama uitafute kwa jina. Kama unapitia muundo wa tatu katikati, mfano MODS, hesabu kila kituo, maana huko utambulisho unaojirudia ndani ya hati unaweza kuifanya hati nzima ikataliwe inapokaguliwa. Mwisho fungua ile ripoti ndefu, uisome mstari kwa mstari.

Najua umechoka. Najua tarehe ya kuwasilisha iko karibu na umeme nao unakatika. Lakini umetembea vijijini kuhoji wazee na umevuka mto Pangani kwa pantoni kutafuta shahidi mmoja. Mtu wa namna hiyo hashindwi na faili. Keti, anza na herufi A. Ikifika usiku uko kwenye K, weka alama hapo, kesho endelea. Na faili likishakuwa safi usilifungie peke yako. Mpe mwenzako anayeanza mwaka huu, pamoja na jedwali la funguo, ukae naye umwonyeshe namna ulivyolifanya, kisha mwambie naye ampe wa nyuma yake.