Gari Lililokufa na Wajibu wa Kusema

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akakuta rundo la nafaka. Akaingiza mkono ndani yake, na vidole vyake vikakuta majimaji. Akamwuliza mwenye mali kuna nini, naye akajibu kwamba nafaka imenyeshewa. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akamtenga na umma wake kila mwenye kughushi. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.).

Watu wa Ujiji na Kigoma hawana haja ya kufasiriwa hadithi hiyo. Dagaa wa ziwani huanikwa juani, na wakinyeshewa kabla ya kukauka huharibika. Mwenye gunia la namna hiyo ana njia mbili: awauze kwa bei ya walionyeshewa, au awafunike kwa tabaka la waliokauka vizuri. Mama mnunuzi aliye mzoefu huzamisha mkono mpaka chini ya gunia kabla ya kutaja bei. Wala haoni haya, na afanya vyema.

Lakini ni nani awezaye kuzamisha mkono ndani ya gari? Magari mengi yaendayo Ujiji, Kasulu na Uvinza yalitumika kwanza Japani, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, yakasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kulifikia ziwa. Miongoni mwa magari yaliyotumika yamo yaliyokwisha kufa mara moja. Maana yake ni kwamba gari liligongwa, au liliungua, au liliingia maji, na kampuni ya bima ikaona gharama ya kulitengeneza inakaribia thamani yake au inaipita. Ikamlipa mwenyewe fedha yake, na mabaki yakauzwa. Aliyeyanunua akanyoosha bodi, akapiga rangi, akalitia tena sokoni. Katika minada ya Japani gari lililopata ajali kubwa na kutengenezwa huandikiwa herufi R kwenye karatasi yake, lakini si lazima karatasi hiyo imfikie mnunuzi wa mwisho.

Lililoingia maji ndilo la kuogopwa zaidi. Viti hukauka na zulia hubadilishwa, lakini nyaya na viungio vyake huendelea kuliwa na kutu polepole, zikiwamo nyaya za breki. Waliokaa kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 2020 na 2021, maji yalipopanda na kuingia majumbani, wanajua kwamba ukuta uliokaa majini hauponi kwa kupakwa chokaa.

Sasa tumchukue mtu aliyenunua gari la namna hiyo kwa bei nafuu, naye anajua habari zake. Sheria ya Tanzania inamlazimu awe angalau na bima ya kumlinda mtu wa tatu, ile tuiitayo bima ndogo. Yeye ataka bima kubwa, ili gari likiungua au likiibiwa alipwe. Anaandika thamani ya gari lisilo na ila, na juu ya yaliyopita ananyamaza. Akiulizwa nyumbani husema: "Mimi sikusema uongo. Hawakuniuliza."

Na wako wanaokwenda mbele zaidi. Husema bima yenyewe ina utata katika sheria yetu, hivyo kuificha kampuni si dhambi. Ni kweli kwamba wanavyuoni wameijadili sana. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lililokutana Jeddah Desemba 1985, lilisema kuwa bima ya kibiashara ina gharari kubwa inayouharibu mkataba, likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Lakini ni kitabu gani cha fiqhi kilichosema kwamba utata wa mkataba unahalalisha hila? Makureshi walitaka kumwua Mtume (S.A.W.), na usiku wa Hijra alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) Makka ili awarudishie watu amana zao. Hao walikuwa maadui. Sembuse watu uliowaendea kwa miguu yako na kutia sahihi mbele yao!

Tena fedha hiyo ni ya nani? Hutoka katika michango ya wengine waliokata bima, mwenye lori la mawese na mwenye teksi. Gari la thamani ya milioni 6 likiandikwa milioni 12 kisha likaungua, ile ziada ni mali yao iliyoliwa kwa batili. Na kampuni ikithibitisha kwamba ilifichwa jambo kubwa, yaweza kuukataa mkataba. Hapo aliyegongwa njiani huenda akaachwa akihangaika na mwenye gari asiye na kitu. Waingereza wenyewe waliishika kanuni hii kwa muda mrefu tangu hukumu ya Jaji Mansfield mwaka 1766, kabla ya kuilegeza kwa bima za watu binafsi: mwenye kukata bima anajua asiyoyajua mwenziwe, basi hapana budi aseme, hata asipoulizwa.

Hayo hayana maana kwamba chombo kilichokufa kisifufuliwe. Meli ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini, ikabeba watu na mizigo kwa miongo mingi. Kila abiria wa Kigoma aliijua habari yake kabla ya kupanda.

Wauzaji nao hupenda neno "nauza kama lilivyo." Katika madhehebu ya Imamu Shafii, wanayoyafuata watu wetu wengi, sharti hilo halimwokoi muuzaji wa gari, nafasi ndogo iliyoachwa ni ya mnyama mwenye ila ya ndani ambayo muuzaji hakuijua.

Ama aliyenunua bila kujua, huyo hana lawama mpaka siku fundi atakapoinua zulia na kumwonyesha tope lililokauka chini yake. Kuanzia hapo habari ni yake. Akitaka kulirudisha, na afanye haraka, kwani kwa Mashafii haki hiyo hupotea kwa kuchelewa bila udhuru. Akiamua kubaki nalo, aende kwa watu wa bima awaeleze, wamlete mkaguzi, thamani iandikwe upya. Wakimwambia wanalikubali kwa bima ndogo tu, basi achukue hiyo bima ndogo.